Jamani, Cheni Laki na Ishirini?

Kwangu sasa kumetulia, ila mwezi uliopita palikuwa hapakaliki, na chanzo wala si mwanamke wa nje wala simu iliyofichwa chini ya mto. Chanzo ni cheni ya pikipiki.

Ilikuwa hivi. Mume wangu ana pikipiki ya CC 150, ndiyo inayotutoa Goba asubuhi na kuturudisha jioni, mimi nikiwa nyuma na mkoba wangu. Jumamosi moja akaenda Kariakoo kununua balbu, akarudi na mfuko mweusi na uso wa bwana harusi. Ndani mna cheni mpya na spoketi mbili. Nikauliza bei. Laki na ishirini. Nikanyamaza kwanza, maana nilijua hela hiyo imetoka wapi: kwenye bahasha ya ada ya mtoto.

"Si cheni ipo na inazunguka?" nikamwambia.

"Ile iliyokuja na pikipiki imekwisha. Hii ni ya oringi, mama watoto, huwezi kuelewa."

Akina dada mnanielewa. Hela tungeongea tukayamaliza, lakini hilo la "huwezi kuelewa"! Usiku huo tulilala mzungu wa nne. Jumapili akashinda uani na spana zake akifunga mwenyewe, anapiga mluzi.

Jumatatu jioni tunarudi, mimi nyuma, mchele kilo kumi katikati yetu. Kwenye kilima cha kuingia kwetu pikipiki ikakohoa ikiwa gia namba mbili, ikazima kabla hajawahi namba moja, tukaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu kuna daladala. Niliruka, mchele ukamwagika barabarani, na dereva wa daladala akatutolea maneno ambayo jarida hili haliwezi kuchapa. Mume wangu kimya.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote kwa fundi. Nakiri nilikwenda kwa shari. Nilibeba hata cheni na spoketi za zamani kwenye mfuko, ushahidi huo, nikitaka fundi aseme mbele yangu kwamba hela imetupwa. Fundi ni kijana mstaarabu. Akanigeuzia ndoo nikakaa, akatazama vya zamani, akatazama vipya, akasema, "Shemeji, hapa kuna mambo mawili, na bwana mkubwa kayachanganya."

La kwanza, cheni. Akaivisha ile ya zamani kwenye spoketi yake kubwa, akaivuta kwa nyuma kwa vidole viwili. Ikaachia mpaka nusu ya jino ikaonekana wazi. Cheni nzima, alisema, haivutiki hivyo. Na meno yenyewe yalikuwa yamelala upande mmoja, yamechongoka kama mapezi ya papa. Cheni ya hivyo huruka meno, na siku ikikatika inaweza kujizungusha na kulifunga tairi la nyuma, au ikapiga kava la injini na kulipasua. Ushahidi wangu ukanigeuka hapohapo. Anayekaa juu ya tairi la nyuma ni mimi!

Kumbe hizo oringi ni vipete vidogo vya mpira vinavyokaa kati ya pingili, vinazuia grisi iliyotiwa kiwandani isitoke na vumbi letu lisiingie. Ndiyo maana bei iko juu na ndiyo maana inadumu. Ila haioshwi kwa petroli, inaharibu ile mipira. Tumia mafuta ya taa kidogo, ifute, ndipo upake oili. Na ukibadili cheni, badili na spoketi zote mbili, kwani spoketi mbovu huila cheni mpya. Hapo mzee wangu alikuwa sahihi kabisa, na nilimwambia palepale, ingawa kwa sauti ndogo.

La pili ndilo lililotumwagia mchele. Kutoka kiwandani pikipiki yetu ina meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawa 42 kwa 14 unapata 3, yaani spoketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Muuzaji alimshawishi achukue ya mbele yenye meno 15 "ili ipate mwendo". Sasa gawa 42 kwa 15: 2.8. Jino moja tu! Kwenye tambarare na mtu mmoja injini inatulia na mwendo upo, lakini nguvu inayofika kwenye tairi imepungua. Kwenye kilima, na mke, na mchele, unaipata habari yake. Anayetaka nguvu za mlima hufanya kinyume, hupunguza jino mbele au huongeza nyuma, na kubwa analopoteza ni mwendo wa juu.

Kilichoniuma si hesabu. Alibadili namna pikipiki inavyotubeba sisi wawili, akaamua peke yake. Nilimwambia hivyo tukiwa njiani, kwa miguu, pikipiki ikiwa bado kwa fundi. Hakubisha. Alisema alidhani nitakataa yote, hata cheni, kwa hiyo aliona bora anunue kwanza. Na kweli, ningekataa yote.

Fundi alirudisha meno 14 mbele, mapya, akalivuta tairi nyuma kidogo kwa sababu cheni ililegea, akaacha mchezo wa kama sentimita mbili na nusu katikati. Akageuza na klipu ya cheni, maana bwana aliifunga mdomo ukitazama mbele, wakati inatakiwa utazame nyuma inakotoka cheni ili isichomoke. Mzee wangu aliangalia pembeni. Teh!

Bahasha ya ada ameijaza mwenyewe kidogo kidogo, Jumamosi za mpira baa zimepungua. Na ile spoketi ya meno 15 hakuna aliyetaka kuirudisha dukani. Iko hapa mezani kwangu ofisini, inazuia makaratasi yasipeperushwe na feni.