Mshika Kalamu Asione Haya Kushika Msumeno

Yako maneno yaliyozoeleka mno katika nchi yetu, nasi twaona imetupasa kuyapinga, kwa kuwa yanawaharibu vijana. Husemwa ya kuwa mtu aliyesoma haimpasi kuchonga mti, wala kupigilia msumari, wala kuonekana na maranda juu ya nguo zake. Hiyo ni kazi ya seremala, na kazi ya mwenye elimu ni kununua. Wasemao hivi si watu wa kudharauliwa. Wengi ni walimu wenzetu, na makarani, na wazazi wenye heshima zao. Kwa hiyo twawajibu kwa adabu, lakini bila kuficha neno.

Na tuanze nyumbani. Ingia katika nyumba nyingi za walimu huko mashamba, utazame. Vitabu vimo ndani ya boksi, nalo limewekwa chini ambako mchwa huanzia safari yao. Nguo zimetungikwa kwenye kamba iliyokatiza chumba. Vyombo vimeoshwa vikaanikwa juu ya jiwe, na kuku wamekwisha kupita. Kiti ni cha plastiki, mguu wake umekatika, umefungwa kwa waya. Kisha toka nje, uzunguke nyuma ya jiko: hapo pana rundo la mabanzi na matawi ya mwembe yanayongoja kuchomwa. Je, nyumba hii imekosa nini? Imekosa rafu moja, vyango vichache vya kutungikia nguo, kichanja cha vyombo, na kigoda. Mti wa kutengenezea vyote hivyo umo uani. Mkono wa kuuinua ndio uliokosekana, nao umezuiwa na haya.

Ajabu ni kwamba huko mijini mambo yamegeuka. Wenye fedha sasa hununua kwa bei kubwa meza ambazo kingo zake zimeachwa na umbo la mti, na rafu za mbao zisizopigwa randa sana, na vigoda vya miguu mitatu, ili kupamba sebule zao. Na kadiri kitu kinavyofanana na cha shamba, ndivyo bei yake inavyopanda. Hatuwalaumu kwa kuvipenda, maana ni vizuri kweli. Twawauliza wale waliovitupa. Kigoda cha babu kilitolewa nje kwa kuwa ni cha kishamba. Leo chaingia tena kwa mlango wa duka, na mwenye nyumba amekilipia. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoweka mwaka 2008 kiti cha uprofesa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, kilikiita Kigoda cha Mwalimu. Jina la kigoda limekwezwa hadi kilele cha elimu. Lakini ni wanafunzi wangapi wa shule zetu waliokwisha kutengeneza kigoda kimoja?

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingekoma kwenye mapambo ya nyumba. Halikomi hapo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akikemea elimu imfanyayo mtoto adharau kazi ya mikono. Mwaka 2016 Tanzania ilifanya kampeni kubwa ya madawati, ili watoto wasikae sakafuni. Ilikuwa kazi njema. Walakini dawati ni kitu cha mbao na misumari, nalo hulegea. Nyuma ya madarasa mengi yamelundikana madawati yaliyokosa ubao mmoja tu au mguu mmoja, yakinyeshewa mvua, na huku ndani watoto wamebanana wanne mahali pa wawili. Shule yaweza kuwa na walimu kumi na wanafunzi mia nne, wote wenye mikono, nao wangoja mfadhili aje kupigilia msumari. Hapo ndipo haya ya mtu mmoja nyumbani kwake inapogeuka kuwa hasara ya watoto wa watu.

Nchi zenye viwanda vikubwa hazikuona haya hiyo. Ufini iliingiza kazi za mikono katika shule zake za watu wote mwaka 1866, na Uswidi mpaka leo huwafundisha watoto wote, wa kike kwa wa kiume, kazi ya mbao na ya nguo, nalo ni somo la lazima. Tanzania nayo, katika Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali. Twashukuru. Lakini mtoto akifundishwa amali na watu ambao majumbani mwao hawajapigilia hata msumari mmoja, atatambua upesi kwamba somo hilo wamewekewa wale walioshindwa mengine. Watoto husoma matendo yetu kabla ya kusoma vitabu vyetu.

Wako watakaosema, "Hatuna vyombo vya kazi." Mchagua jembe si mkulima. Msumeno, nyundo, patasi, panga na keekee vyatosha kuanza, tena walimu watano waweza kuvinunua kwa shirika. Hata msasa uuzwao madukani umepata jina lake kwa mti wa msasa, ambao majani yake yenye kukwaruza ndiyo waliyolainishia mbao wazee wetu.

Wengine watasema, "Mtawanyima maseremala riziki." Sivyo. Hakuna seremala aliyetajirika kwa vyango vya nguo. Kitanda, mlango na kabati vitabaki kuwa kazi yake. Tena mtu aliyejaribu kuunga mbao mbili ataujua ugumu wa ufundi, wala hatamdharau fundi wakati wa kulipa. Ampokonyaye seremala riziki ni yule anunuaye kabati la ng'ambo la unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, ambalo likipata maji hufura na kumomonyoka.

Wengine tena watasema, "Mtamaliza misitu." Hofu hii ni ya haki, nasi twaiheshimu. Hatusemi mtu aingie msituni kukata mninga au mvule. Kufanya hivyo bila kibali ni kosa, na miti hiyo hukawia kukua. Twasema habari za mabanzi ya misindano, kama yale yapatikanayo kwenye viwanda vya mbao huko Mufindi, penye shamba la miti la Sao Hill. Na tawi la mwembe lililoangushwa na upepo. Na mwarobaini uliopunguzwa uani. Na paleti zitokazo bandarini. Katika paleti tazama mhuri wenye picha ya shuke la ngano. Ukiona herufi HT, mti huo umetiwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Ukiona MB, umefukizwa kwa dawa ya sumu. Uache, usiuingize nyumbani.

Na tusionekane kuwa watu wa maneno tu. Banzi na liambuliwe ganda lote, kwa kuwa wadudu hujificha chini yake. Kisha likaushwe kivulini, juu ya vijiti, hewa ipite pande zote. Kwa kigoda, twaa ubao wa unene wa sentimita 4 au 5 na vipande vitatu vya mti mgumu. Usikate gogo kwa kupinga kama akataye muhogo, maana mti ukikauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wake karibu mara mbili kuliko kutoka kiini hadi ganda, na kipande hicho hupasuka. Toboa matundu matatu yaliyoinama, ili miguu itanuke chini. Miguu na iwe imekauka kupita ubao. Iweke siku kadhaa juu ya dari ya jiko. Ikiingia katika matundu itanywa unyevu kidogo, ivimbe, ishike. Kila mguu upasue ufa kichwani, upigilie kabari, nayo kabari ikatize nyuzi za ubao. Ikielekea sawa nazo, ubao utapasuka. Mwisho paka nta ya nyuki.

Na kwa nini miguu iwe mitatu? Mwalimu wa hesabu atajibu: nukta tatu hukaa siku zote katika bapa moja, lakini nne si lazima. Ndiyo sababu kigoda hakitikisiki juu ya sakafu ya udongo, na meza ya dukani huwekewa karatasi chini ya mguu. Somo la jiometri limo ndani ya kigoda, na mtoto aliyekichonga hatalisahau.

Basi, ndugu walimu, twawaomba mambo mawili. La kwanza, kabla muhula haujaisha kila mmoja atengeneze kitu kimoja cha mti kwa mikono yake, akiweke nyumbani mahali ambapo mgeni na mwanafunzi watakiona. Nacho kikiwa kimepinda kidogo, kisifichwe. La pili, kila wiki dawati moja litolewe katika rundo lile la nyuma ya darasa, litengenezwe na watoto wakiwa wameshika nyundo wenyewe, wa kike kwa wa kiume. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Madawati arobaini yakiwa yamelala nje, na mwaka wa shule una wiki zipatazo arobaini, basi mwaka mmoja watosha kuyarudisha yote ndani.