Usinunue tanuru, nunua joto

KATIKA ukurasa huu tumezoea kuangalia bei za mazao, hisa na fedha za kigeni. Wiki hii tunaangalia bidhaa ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa haihitaji kabisa, lakini inayoweza kula mtaji wa ndugu yake aliyeko ng'ambo: joto la ndani ya nyumba.

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, wanaishi Wakenya wengi, na Watanzania pia, hasa katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park. Wapo wanaofanya kile ambacho mwekezaji mdogo yeyote angefanya. Hununua nyumba kuukuu kwa bei nafuu, huikarabati, kisha huipangisha au huiuza. Kwenye karatasi hesabu ni nzuri. Lakini usiku wa Januari baridi ya huko hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na tangu mwaka 2024 sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ya kupanga ahakikishe joto la nyuzi 20 za Selsiasi kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Nyumba isiyo na joto haipangishiki. Ni duka lisilo na mlango.

Joto hilo hutoka kwenye tanuru la gesi, ambalo kwa kawaida hukaa katika chumba cha chini ya nyumba na kusukuma hewa ya moto vyumbani kwa mabomba. Kulibadilisha wakati wa ukarabati hugharimu maelfu ya dola. Hapo ndipo mwenye nyumba na mkandarasi huanza kutazamana kwa jicho baya.

Maoni yetu ni kwamba ugomvi huu, kwa sehemu kubwa, si wa mashine. Ni wa mkataba. Mwenye nyumba anadhani amenunua joto, mkandarasi anasema ameuza tanuru. Karatasi waliyotia saini inataja jina la kiwanda, namba ya mashine na bei, basi. Vyumba vya juu vinapobaki baridi, mkandarasi anaonyesha kwamba tanuru linawaka. Kwa mujibu wa karatasi ile, ametimiza ahadi yake.

Chukua suala la ukubwa. Tanuru hupimwa kwa BTU, yaani kiasi cha joto linachotoa kwa saa. Mkandarasi mwenye haraka husoma bamba la tanuru la zamani na kuagiza lingine la ukubwa ule ule. Lakini nyumba inayokarabatiwa si ile ya zamani: madirisha ni mapya, kuta zimejazwa sufu ya kuzuia baridi, pengine kimeongezwa chumba. Nyumba iliyohitaji BTU 100,000 inaweza sasa kutosheka na 60,000. Na tanuru kubwa kupita kiasi si baraka. Huwaka kwa muda mfupi, huzima, huwaka tena. Vyumba vya karibu huunguza, vya mbali hubaki baridi, na vipuri huchakaa kabla ya wakati.

Dawa yake inajulikana. Chama cha wakandarasi wa fani hiyo nchini Marekani, ACCA, kina utaratibu wa hesabu unaoitwa Manual J, unaopima kuta, madirisha, dari na mianya ya hewa, chumba kwa chumba. Kazi hiyo huchukua muda, na muda ni fedha. Mkandarasi anayeifanya huonekana ghali kuliko asiyeifanya, na mwenye nyumba anayeangalia bei peke yake humchagua yule wa pili. Lawama hapo wanagawana.

Suala la pili ni lile lisiloandikwa. Tangu Novemba 2015 kiwango cha chini cha ufanisi kwa matanuru ya gesi ya ndani ya nyumba ni asilimia 80. Maana yake, katika kila dola 100 za gesi, 20 hutoka na moshi. Wapo wanaonunua tanuru la zaidi ya asilimia 90 ili kuokoa hasara hiyo. Ni uamuzi mzuri, lakini tanuru hilo halitumii dohani ya zamani. Linahitaji bomba la plastiki la kutoa moshi nje na njia ya kumwaga maji linayotoa. Tena, mtungi wa kuchemshia maji uliokuwa ukishirikiana dohani na tanuru la zamani sasa unabaki peke yake katika dohani iliyo kubwa mno kwake, na moshi wenye sumu unaweza kurudi ndani. Kulirekebisha hilo ni kazi nyingine na bei nyingine. Kama haikuandikwa tangu mwanzo, italetwa mwishoni kama gharama ya ziada, na mwenye nyumba atasema ameibiwa.

Suala la tatu linamhusu mwenye nyumba mwenyewe. Ukarabati unaendelea, baridi imeingia, mafundi wa jipsamu wanatetemeka. Tanuru jipya linawashwa ili wafanye kazi. Vumbi la jipsamu linafyonzwa hadi ndani ya feni na mabomba. Viwanda vingi huonya dhidi ya kutumia tanuru namna hiyo, na dhamana ya kiwanda inaweza kupotea. Mashine ikiharibika baada ya miezi michache, mkandarasi wa joto anakataa kuwajibika, na kwa kweli ana hoja.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika ukarabati mkubwa, mwenye nyumba humlipa mkandarasi mkuu, naye humlipa mkandarasi wa joto. Tuseme kazi nzima ni dola 40,000, na ndani yake tanuru na mabomba ni 9,000. Mwenye nyumba analipa zote 40,000, lakini zile 9,000 haziendi zinakotakiwa. Sheria ya Minnesota inampa mkandarasi wa joto siku 120 tangu siku yake ya mwisho ya kazi kusajili dai lake juu ya nyumba yenyewe. Kuiuza nyumba yenye dai kama hilo ni taabu. Aliyekwisha kulipa anaweza kujikuta analipa mara ya pili.

Lakini sheria hiyohiyo imempa mwenye nyumba ngao. Mkandarasi huyo wa pili anatakiwa kumpelekea mwenye nyumba notisi ndani ya siku 45 tangu aanze kazi. Kuna wanaoipokea notisi hiyo kama tusi, au kuitupa kwenye droo. Ni kosa la gharama kubwa. Ukishaipokea, unaruhusiwa kumlipa yule wa pili moja kwa moja na kukata kiasi hicho kwenye bei ya mkandarasi mkuu. Au unaweza kuzuia fedha zake hadi siku 120 zipite tangu kazi kukamilika, isipokuwa umeletewa hati iliyosainiwa ya kuachia dai. Anayelipa baada ya notisi bila hati hiyo anacheza bahati nasibu.

Wakandarasi wana jibu lao, na linastahili kusikilizwa. Wanasema mteja anayeshikilia fedha anawaua, kwa sababu tanuru wamelichukua kwa mkopo dukani na msambazaji hasubiri. Ni kweli, mkandarasi mdogo huishi kwa mzunguko wa fedha kama muuza duka. Ndiyo maana hatushauri mtu azuie kila kitu. Tunashauri malipo yafuate kazi: arubuni ndogo ya kuanzia, bei ya mashine inapofika nyumbani, sehemu nyingine mabomba yanapokaguliwa kabla kuta hazijafungwa, na fungu la mwisho, hata kama ni sehemu moja ya kumi, baada ya majaribio.

Majaribio hayo yaandikwe kwenye mkataba. Mkaguzi wa jiji awe amepitisha kibali. Tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia kwenye tanuru na inayotoka iwe ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye bamba la mashine. Hewa ya sumu ipimwe. Hesabu ya ukubwa iambatanishwe. Vipimo hivi vinawezekana hata mwezi Julai, bila kusubiri baridi itoe hukumu.

Na mambo yakiharibika baadaye, kalamu ni bora kuliko simu. Kwa kazi ya kufunga mfumo wa joto katika ukarabati wa nyumba ya kuishi, sheria ya Minnesota inatoa dhamana ya miaka miwili dhidi ya kasoro za ufungaji usiofuata viwango vya ujenzi. Lakini kasoro inatakiwa kuripotiwa kwa maandishi ndani ya miezi 6 tangu igundulike. Malalamiko ya mdomo, hata yakiwa makali namna gani, ni vigumu kuyathibitisha.

Aliyejenga Tabata au Kasarani anajua kwamba fundi halipwi zote siku ya kwanza, na kwamba ukuta haufungwi kabla ya kuona kilichomo ndani. Elimu hiyo haipaswi kuachwa uwanja wa ndege kwa sababu tu mkandarasi wa huko anakuja na gari lililoandikwa jina la kampuni ubavuni. Mwekezaji mdogo hana wakili wa kudumu wala akiba ya kulipa mara mbili. Silaha yake ni lile fungu la mwisho. Likishatoka mfukoni kabla joto halijapimwa, kilichobaki ni kuomba.