Kabla ya Rangi, Tazama Pipa la Udhu



Ukiingia mwezi wa Shaabani, mitaa yetu mingi hubadilika sura. Huyu anapaka rangi ukuta wa mbele, yule anaziba nyufa za baraza, mwingine anabadili geti, maana Ramadhani inakaribia na wageni wa futari watakuja. Ni jambo jema, wala sina ugomvi na mwenye kuipendezesha nyumba yake. Ugomvi wangu ni pale tunapoanzia. Tunaanza panapoonekana na mpita njia, na pesa inakwisha kabla hatujafika uani.

Masika yaliyopita nilikwenda kumjulia hali jirani yangu, mtu mzima wa makamo ya baba yangu. Wajukuu zake watatu walikuwa wameugua homa ndani ya wiki moja. Nyumba imepakwa rangi, ngazi za baraza zina vigae. Adhana ya Alasiri ikanikuta pale, nikaomba kupita uani nitawadhe. Kando ya choo lilikuwapo pipa la lita 200 lisilo na kifuniko. Kata ya kwanza tu, viluwiluwi wa mbu wanacheza humo! Nilipomwonyesha alinijibu kwa utulivu: "Ustadhi, hayo ni maji twahara, ndiyo yetu ya udhu. Mbu wanakaa kwenye maji machafu."

Wale watoto walikuwa wamepimwa malaria na haikuonekana. Mdogo wao alianza kutoka damu kwenye fizi, akalazwa siku nne. Ilikuwa dengi.

Kwa upande wa fiqhi mzee alikuwa sahihi. Madrasa tulifundishwa kuwa mdudu asiye na damu ya kutiririka akifia majini hayanajisi maji hayo, hivyo udhu wake ulisihi. Lakini twahara ni hukumu ya ibada, na mbu hakusoma fiqhi. Mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anapenda hasa maji masafi yaliyotulia: pipani, ndani ya tairi bovu, kwenye kifuu, katika kisahani cha chungu cha maua. Tena huyu anang'ata mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikutoshi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa dengi wa mwaka 2014, ukarudi tena 2019.

Basi anza na pipa. Chukua kipande cha chandarua kilichochakaa (kizima waachie watoto walalie), kitandaze mdomoni mwa pipa, kikaze kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila wiki limwage, ulisugue kuta zake kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai ya mbu huyu hunata ukutani juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri ujaze tena. Nasema kila wiki kwa kuwa yai huchukua siku saba hadi kumi hivi kuwa mbu kamili. Mimi nimechagua asubuhi ya Ijumaa, kabla ya kuoga josho la Ijumaa, ili nisisahau.

Kisha tazama maji ya udhu na ya kufulia yanakoelekea. Kwa wengi wetu yanatuama chini ya dirisha, au yanamtiririkia jirani hadi njiani, nasi ndio tunaowafundisha watoto kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Chimba shimo la kina cha mita moja na upana kama huo, mbali na msingi wa nyumba na mbali na kisima. Lijaze mawe na vipande vya matofali, juu weka kokoto, kisha elekeza mfereji humo. Ni kazi ya vijana wawili kwa siku moja.

Bomba la kutolea hewa chooni nalo lifunge wavu juu. Kwenye maji machafu ya choo ndiko anakozaliana mbu mwingine, anayeeneza matende na mabusha huku kwetu pwani. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, na mbu wakapungua sana. Wavu wako hautafanya makubwa hayo, ila utamfungia mlango mmoja.

Pesa ikibaki, ndipo ununue chokaa. Iloweke usiku kucha, ichuje, changanya na chumvi kidogo ili ishike ukutani. Vaa miwani na uwaweke watoto mbali. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Osha hapo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa muda wa nusu saa, kisha wahi kituo cha afya. Usisubiri kesho, na usitie dawa ya macho ya mtu mwingine.

Jirani yangu alilifunika pipa lake siku ile ile. Shimo bado hajachimba, anasema anatafuta mawe. Nimemwambia, "Mzee wangu, mawe yapo. Ni yale uliyoyapaka rangi nyeupe ukayapanga kuzunguka maua pale mbele."