"AJALI HAINA KINGA": MANENO HAYA HAYAMFAI MPANDA BAISIKELI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme maneno ambayo najua hayatawapendeza wanachama wote. Kila mara mwenzetu mmoja anapoanguka na baisikeli, au anapomwangusha mtu mwingine, barua ya pole huandikwa, mchango hukusanywa, kisha mzee mmoja husimama na kusema, "Ajali haina kinga." Hapo wote huinamisha vichwa, na shauri likaisha. Hakuna aulizaye breki zilikuwaje. Hakuna aulizaye mpandaji alikuwa akienda mwendo gani, wala kama alisimama pale palipoandikwa asimame. Mimi leo nauliza.

Neno lenyewe limetusaidia kujidanganya. Ajali ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ambayo hawezi kuisogeza mbele wala kuirudisha nyuma. Wazee walilitumia kwa maana hiyo ya majaliwa na kifo. Baadaye neno hilo hilo likatumika kwa watu kugongana barabarani. Basi mtu akisema, "Nimepata ajali," masikio yetu husikia kwamba jambo lile liliandikwa juu mbinguni, na ya kwamba kumwuliza maswali ni kukosa adabu mbele ya Mungu. Sina ugomvi na majaliwa. Kila mtu ana siku yake. Lakini raba ya breki iliyolika mpaka chuma kikaonekana si majaliwa. Ni uvivu wa mwenye baisikeli, na yeye mwenyewe huuona kila asubuhi.

Msidhani nawasema wengine tu. Mkosaji wa kwanza ni mimi.

Nilikuwa nikitoka Ntalikwa kwenda kazini mjini Tabora, siku ya Jumatatu, majira ya maembe, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilikuwa nimechelewa. Breki ya mbele nilikwisha ifungua zamani, kwa kuwa tangu utoto niliambiwa kwamba humtupa mtu. Breki ya nyuma raba zake zilikuwa zimelika. Mahali njia inaposhuka kwenye daraja dogo nikaiachia baisikeli ishuke yenyewe, ili nifidie dakika nilizopoteza. Mbele yangu alikuwa mama mmoja amejitwisha beseni la maembe. Nikapiga kengele. Yule mama aligeuka upande ule ule niliokuwa nikiuendea, kama afanyavyo mtu yeyote anayeshtushwa kwa nyuma. Nikavuta breki, rimu ilikuwa imelowa, baisikeli haikupungua mwendo. Nikamgonga.

Maembe yalitawanyika mpaka mtaroni. Mama yule alivunjika mkono. Watu walipokuja mbio, nami nikisimama na goti linalotoka damu, neno la kwanza lililonitoka kinywani lilikuwa lile lile: "Ajali haina kinga." Ndugu yake mmoja, mtu mzima, hakunigombeza. Aliinua baisikeli yangu, akaushika mkono wa breki, akauvuta mpaka ukalala juu ya usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Akanitazama, akaniuliza, "Bwana Karani, hii ndiyo ajali?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Gharama za hospitali nililipa, na maembe nililipa. Lakini mkono ule uliungana vibaya, na mama yule hawezi tena kujitwika beseni. Biashara yake ya sokoni ilikoma kwa sababu ya vipande viwili vya raba ambavyo bei yake haifiki bei ya sahani ya wali.

Sasa nitajibu udhuru tunaoutoa, mmoja mmoja.

Udhuru wa kwanza: "Breki ya mbele huua." Imani hii imeenea vijijini mwetu hata watu huing'oa kabisa. Ukweli ni huu. Baisikeli inapozuiwa, uzito wote hutupwa mbele, kama abiria wa lori wanavyoinama dereva akikanyaga breki. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kusimamisha, na la nyuma likizuiwa peke yake huburuzika tu. Anayeanguka kwa breki ya mbele ni yule aliyeivuta ghafula kwa nguvu zote, au aliyeivuta huku amekata kona, au katika mchanga. Kosa ni la mkono, si la breki.

Namna iliyo sawa ni hii, na mtu aweza kujifunza jioni moja katika uwanja mtupu. Nyosha baisikeli kwanza, usizuie huku umeinama. Sukuma mwili nyuma juu ya kiti na ukaze mikono. Anza na breki ya nyuma kidogo, kisha ya mbele, ukiongeza nguvu polepole kama mtu anayekamua nguo. Ukisikia gurudumu la nyuma linaburuzika, legeza. Kama mbele yako kuna kona, punguza mwendo kabla ya kuingia konani. Katika mchanga na changarawe, kama ilivyo sehemu nyingi za njia zetu, tegemea zaidi breki ya nyuma, tena kwa upole, na mwendo uwe mdogo tangu mwanzo. Wakati wa mvua, rimu za chuma zikilowa, raba huteleza juu yake na breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake; basi gusa breki mapema mara moja mbili ili kufuta maji, na uanze kuzuia mbali zaidi kuliko siku ya jua.

Udhuru wa pili: "Mimi siendi mbio." Tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. Baisikeli inayokwenda kilometa 20 kwa saa hukata zaidi ya meta 5 katika sekunde moja, na sekunde hiyo moja hupotea kabla mkono haujaanza kuvuta breki. Kwa breki ya nyuma peke yake, ingawa nzima, katika njia kavu, yahitaji meta kama 6 nyingine. Jumla ni karibu meta 12. Mtu huyo huyo akishuka mlima kwa kilometa 30 kwa saa, atahitaji meta kama 22. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini umbali wa kusimama umekaribia kuwa mara mbili. Mwongezee gunia la mkaa au mtoto juu ya keria, hesabu yazidi kuwa mbaya. Na yule anayezuia kwa kukanyaga tairi kwa kandambili, huyo hana breki, ana matumaini.

Udhuru wa tatu: "Nilipiga kengele." Kengele ni salamu. Yamwambia mtu kwamba uko nyuma yake. Haimwambii aende upande gani, wala haipunguzi mwendo wako hata kidogo. Tena wako wazee wasiosikia vizuri, na watoto wanaocheza. Anayepiga kengele bila kuweka vidole juu ya breki anawaamuru wengine wamwokoe yeye.

Udhuru wa nne ndio unaoniudhi kuliko yote, kwa kuwa husemwa na watu waliosoma: "Alama na taa za barabarani ni za motokaa. Baisikeli haina nambari, haina leseni, basi haina sheria." Huu ni uongo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwachi mpanda baisikeli nje ya barabara, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani wasema wazi kwamba baisikeli iwe na breki inayofanya kazi, kengele, na kioo chekundu nyuma kinachorudisha mwanga, na iweze kuonyesha taa, nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma. Lakini tuache sheria kwa muda tutazame akili. Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwezi wa Desemba mwaka 1868, karibu na nyumba ya Bunge, nayo iliwaka kwa gesi. Wakati ule motokaa zilikuwa hazijaingia katika barabara zile. Taa ile iliwekwa kwa ajili ya farasi, magari ya kukokotwa, na watu waendao kwa miguu. Basi nani amesema kwamba taa nyekundu ni ya injini? Taa nyekundu ni ya njia panda, na kila aingiaye njia panda imemhusu.

Tena anayefaidika zaidi na alama hizo ni sisi. Mwenye lori akikosea hupata shimo katika bamba. Mpanda baisikeli akikosea hupata shimo katika kichwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Ile alama ya SIMAMA ina pembe nane, nayo hutambulika kwa umbo lake hata ikitazamwa kwa nyuma. Ile ya kuwapisha wengine ni pembetatu iliyopinduliwa. Mtoto wa darasa la pili aweza kuzijua. Na pale njia inapokata reli, haifai hata kubishana. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na treni ya mizigo iendayo kasi huweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi ili isimame. Dereva wake hata akikuona, hawezi kukusaidia.

Liko jambo moja dogo la ishara ambalo wengi hawalijui. Kwetu twapita kushoto, na katika baisikeli nyingi mkono wa kulia ndio ushikao breki ya mbele. Ukinyosha mkono wa kulia kuonyesha kwamba wakata kulia, umebaki na breki ya nyuma tu. Kwa hiyo tazama nyuma kwanza, punguza mwendo, toa ishara ionekane, kisha urudishe mkono usukanini kabla ya kukata. Anayenyosha mkono na kukata papo hapo ametoa taarifa ya mazishi yake.

Watasema wengine kwamba adabu hizi za barabarani ni mambo ya kigeni. La hasha. Sisi wa Unyanyembe tumekaa juu ya njia kuu tangu zamani za misafara. Burton alipofika Kaze mwaka 1857 alikuta desturi zilizokwisha kukaa. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi na bendera yake, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyethubutu kumtangulia alichomolewa mshale katika podo lake, ili mwisho wa safari ajulikane ni nani. Watu wale walibeba kadiri ya frasila mbili, yaani kilo kama 32, juu ya bega, kwa jua na kiu, miezi mitatu mpaka pwani, na bado waliitii bendera. Wajukuu wao, tumekaa juu ya kiti cha ngozi, hatuwezi kuitii taa kwa dakika moja!

Wanachama wenzangu, sisi ni watu wa kanuni. Barua isiyo na nambari ya jalada twairudisha. Vocha isiyo na sahihi twaikataa, hata mwenyewe alie machozi mbele ya meza. Mkulima akija amekosea fomu mstari mmoja twamwambia, "Sheria ni sheria." Kisha saa ya kutoka kazini ikifika, sisi wenyewe twapita mbele ya askari aliyeinua mkono kana kwamba hatukumwona. Wazee walioanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika pale Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele yao, walitaka mtumishi Mwafrika aheshimiwe. Heshima hiyo haikai ofisini tu. Mwananchi atutazama tukiwa barabarani kuliko anavyotutazama tukiwa mezani.

Kwa hiyo nashauri mambo manne, na naomba yajadiliwe katika mkutano ujao. Kwanza, chama kinunue raba za breki kwa jumla na kuwauzia wanachama kwa bei ile ile kilichonunulia. Pili, siku moja kila mwezi baisikeli zote zikaguliwe nje ya ofisi, breki mbili, kengele, kioo chekundu na taa, na yule fundi alipwe kutoka katika mfuko wetu. Tatu, wale wanaojua wawafundishe wasiojua kuzuia baisikeli sawasawa, tena wasione haya kuwafundisha na wake zao na watoto wao. Nne, mwanachama akimwumiza mtu, kabla ya mchango wa pole kukusanywa, wanachama wawili wakaitazame baisikeli yake na kuandika walichokiona.

Najua ushauri wa nne utaleta manung'uniko. Itasemwa kwamba namwongezea mgonjwa maradhi. Lakini mama yule wa maembe hakuwa na chama cha kumchangia, na mkono wake hauwezi tena kuinuka juu ya bega. Mimi naupita mlango wake kila asubuhi, sasa kwa breki mbili, nami hushuka na kuikokota baisikeli mpaka nivuke daraja. Yeye huniitikia salamu. Neno la kinga sijamtajia tena.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
MPANDA BAISIKELI WA NTALIKWA