Kodi wanaijua, kode hawaijui

Vijana wenzetu wa Lubumbashi na wa Kongo yote,

Nani kati yetu hajakwama pale? Unajaza fomu ya bursi kwenye simu. Jina sawa, diploma sawa, kisha wanakuuliza kode ya posta. Bila hiyo, fomu haiendi mbele. Wengine tunaandika 00000, wengine 243. Lakini 243 ni namba ya simu ya inchi nzima, haionyeshi parsele ya mtu! Tunadanganya, na kosa si letu: Kongo haina kode ya posta inayotumika.

Watatuambia: « Barua zenyewe haziko tena, kode ya nini? » Marekani waliianzisha mwaka 1963 juu ya barua; leo inatumika hata kwa bima na malipo ya karte. Watanzania, jirani zetu, waliweka namba kwenye nyumba na vibao kwenye barabara mwaka 2022, mbele ya kuhesabu watu, na kode ya posta ndani yake. Sisi, mara ya mwisho kuhesabiwa ni 1984!

Katikati ya muji, namba ziko kwenye mageti. Lakini huko Annexe, anwani ni hadithi: « Fika kwenye bomba, kata kushoto, uulize mama wa mikate. » Mchana inafaa. Nyumba ikiwaka moto saa nane ya usiku, mama wa mikate amelala. Mgonjwa akizidiwa, nani atasimama njiani na tochi kungojea gari?

Na musituambie haiwezekani. Siku ya kodi, wanafika mpaka mlangoni. Siku ya uchaguzi, wanaandika komine na avenyu kwenye karte. Kumbe wakitutaka, wanatupata. Tukiwataka sisi, tumepotea.

Tunadai:

1. Namba kwenye kila parsele na kibao kwenye kila avenyu. Waanze na machefu wa avenyu, wao wanajua kila nyumba.
2. Kode kwa kila komine, katika majimbo yote 26.
3. Raia asilipishwe hata franka moja juu ya kibao.

Wiki hii, kila mmoja aende kwa chefu wa avenyu wake aulize: « Kwetu ni namba ngapi? » Asipojua, tuandike naye, nyumba kwa nyumba, tupeleke liste kwa bourgmestre.

Raia ana jina. Raia ana mahali. Tuandikwe!