Daftari la wiki: Waliobaki hawana wimbo

Jumatatu redio moja ya hapa Mbeya ilipiga "Kwetu" ya Rayvanny kwenye kipindi cha zilipendwa. Zilipendwa! Wimbo wa 2016. Nilikuwa kwenye bajaji, natoka Kabwe naelekea Mafiati, na dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaongeza sauti na kuniambia kwa heshima zote, "Hizi ndizo za enzi zenu, mzee." Sasa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979, tumweke wapi? Makumbusho ya Kalenga, jirani na fuvu la Mkwawa?

*

Gunia la viazi nililoliona Uyole lilikuwa na kichwa kirefu kuliko kiwiliwili. Lumbesa iko hai, kama mlikuwa mnajiuliza.

*

Ni msimu wa mahafali. Anayeishi jirani na shule ya kata hahitaji kalenda: Jumamosi saa tatu spika zinafungwa, saa nne zinaanza kukoroma, saa saba mgeni rasmi bado yuko njiani. Wiki hii nilialikwa upande wa Mafinga, binti wa ndugu yangu anamaliza kidato cha nne. Ratiba ni ileile ya miaka yote: maandamano ya wahitimu, ngonjera, igizo la mlevi (mlevi huwa anaigizwa vizuri mno, sijui wanajifunzia wapi), risala, na wimbo wa kuaga.

Risala iliomba walimu wa sayansi, uzio na kompyuta. Mgeni rasmi akajibu kwa mifuko ya saruji. Kila alipotaja idadi watu walishangilia, nami nikamkumbuka Professor Jay na "Ndiyo Mzee", iliyomo kwenye albamu yake ya 2001, Machozi, Jasho na Damu. Ule wimbo ulimcheka mgombea anayeahidi kila kitu, ukawacheka na wananchi wanaoitikia kila kitu. Mwaka 2015 mtunzi mwenyewe akachaguliwa mbunge wa Mikumi, na mabasi yetu ya Dar yakawa yanakatiza jimboni kwake. Ya saruji tuyaache.

Kilichonikera ni wimbo wa kuaga. Wahitimu wamesimama kwa mistari, mashati yamepigwa pasi mpaka kola zinakata, shingoni mapambo ya karatasi za kung'aa. Anayeongoza ni binti mrefu. Karatasi ameikunja ndogo kiganjani, na kila ubeti ukikaribia anaichungulia kwa kuiba. Anaimba vizuri kwelikweli. Lakini anachoimba si chake. Ubeti wa kwanza unawaonya kuhusu dunia, wa pili kuhusu makundi mabaya, wa tatu unawakumbusha wazazi, wa nne Mungu. Vijana wamepewa dakika chache za kusema yaliyomo moyoni siku wanayoacha utoto, na wamezitumia kujihubiria kwa sauti ya baba zao.

Nilimuuliza mwalimu mmoja nani kautunga.

"Huo nimeukuta," akasema. "Sisi tunabadilisha mwaka tu."

Wala hatukuanza jana. Kwa Kiswahili, wimbo wa kukua umekuwa mali ya mtu mzima kwa muda mrefu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa namna ya kuishi na Mungu, na mume, na watu. Utendi ule ni mzuri na unasomwa hadi leo. Ila binti mwenyewe, Mwana Hashima, hatukuwahi kusikia alimjibu nini mama yake. Shaaban Robert naye alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati, mwanawe wa kiume akapata Utenzi wa Adili. Baba anasema, watoto wanasikiliza. Dansi lilipokuja, wosia ukahamia kwenye gita. Marijani Rajab alikuwa na kipaji cha kumwita mtu kwa jina lake, Masudi, Mwanameka, na nchi nzima ikamjua Masudi kuliko inavyomjua mjumbe wa nyumba kumi. Maikrofoni lakini ilibaki kwa Marijani.

Halafu mwaka 1995 kijana aliyekulia Mbeya, Joseph Mbilinyi, ambaye baadaye mlimwita Mr. II na sasa mnamwita Sugu, akatoa albamu inayoitwa Ni Mimi. Hapo hakuna mzee anayemwelekeza mtu. Kijana anajisemea. Mwaka 1998 ikaja "Hali Halisi", na waliokuwa wakiuita muziki huu wa Bongo Fleva uhuni wakaanza kuusikiliza kwa siri, kisha kwa wazi, kisha kwenye mikutano ya kampeni. Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni mwaka 2010, ikamrudisha 2015, na 2020 ikampa kiti Dk. Tulia Ackson. Siasa zake kila mtu ana lake la kusema. Mimi nasema tu kwamba aliyewapa vijana ruhusa ya kujitaja katoka kwenye baridi hii.

Tena nyanda hizi ziliwahi kuwapa vijana nafasi pasipo muziki wowote. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, ameeleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyokuwa wakitimiza miaka kumi hivi wanaondoka nyumbani kwa baba zao na kujenga vibanda pamoja, rika moja, hadi vibanda vikawa kijiji. Chakula walikwenda kula kwa mama zao; hilo vijana wa leo hawajaliacha. Na mara moja kwa kila kizazi ilifanyika ubusoka: wazee wanawakabidhi wana wao ardhi na utawala, hadharani, kisha wanasogea kuwapisha. Siwapambi wa kale kupita kiasi, maana wasichana hawakuwa na kijiji chao. Waliposwa wadogo na kuolewa wadogo. Lakini wale wazee walikubali kusogea. Sisi tunabadilisha mwaka tu.

Turudi kwa Bongo Fleva, maana nayo ina upofu wake. Inampa kijana maikrofoni kwa sharti moja: awe ameshaondoka. Hadithi ni moja, mnaijua. Shida nyumbani, nauli ya kuchangiwa, basi, Dar, kulala kwa mshikaji, studio, kutoboa. Rayvanny katoka hapa, mwaka 2017 katwaa tuzo ya BET ya Marekani, na mimi nilishangilia kama kila mtu wa hapa. Sina ugomvi na walioondoka. Nauliza habari za mwenzake aliyebaki. Yule aliyemaliza ualimu na anasubiri ajira akiwa chumba cha uani kwa baba yake. Yule mwenye kitalu cha miparachichi Rungwe, anayebembeleza miche huku akiombea bei. Yule wa bodaboda Tunduma, yule wa mbao hapohapo Mafinga. Na hawa wamekua. Kukua kwao hakuna stendi wala kupungiana mikono, kwa hiyo watunzi hawakuoni kukua huko. Siku moja tu unashtuka kwamba kwenye kikao cha ukoo wanakuuliza wewe kwanza mchango wako ni shilingi ngapi, na baba amenyamaza anakusubiri. Hapo ndipo mtu anakuwa mtu mzima, na sijasikia ubeti hata mmoja unaogusa hapo.

*

Kijana wa Isanga kaniletea wimbo wake kwenye flashi. Unahusu maisha ya kitajiri ya Masaki, Dar. Nilimuuliza kama amewahi kufika Masaki. Bado. Nilimuuliza Isanga pamekosa nini. Kaniangalia kwa huruma.

*

Msanii wa Mbeya akishinda ni wa Mbeya. Akivurunda, ghafla tunakumbuka kwamba anaishi Dar siku nyingi.

*

Dereva wa basi ana haki ya kuchagua muziki, hilo sibishani. Haki ya kutupigia wimbo wa kuachwa tukiwa kwenye mlima wa Kitonga, mbele lori la shaba limekwama, pembeni korongo, hiyo sijui kapewa na nani.

Ila safari hii konda alikuwa mtu mzima na alituwekea za kale. "Jogoo la Shamba" ya Mbaraka ikaingia tukiwa kwenye kona zilezile. Pembeni yangu alikaa mama aliyepandia Ruaha Mbuyuni na viroba vyake vya vitunguu, kimya tangu mwanzo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasonya kidogo.

"Atawikaje huko mjini," akasema, "kaja kafungwa miguu?"

Akageukia dirishani, akaanza kuhesabu viroba vyake upya. Nimesoma uhakiki mwingi wa muziki wa dansi, na sijasoma uliomkaribia mama huyu.

*

Kauli ya yule mama haikuniacha, kwa sababu siku iliyofuata rafiki yangu wa Dar alinipigia simu. Msichana wake wa kazi ameondoka, anataka mwingine. "Nitafutie wa Iringa," akasema, "mtulivu, asiyeujua mji, asiwe na simu." Aliongea kama anayeagiza debe la njegere.

Wasomaji wa Iringa mnajua ninachokisema, na wa Dar mnakijua zaidi. Binti anapandia basi Igumbilo au Mafinga na begi la kuazima. Pengine alishindwa kuendelea na shule, pengine alikatishwa. Ana miaka kumi na minne, kumi na mitano. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kulala wa mwisho na kuamka wa kwanza hakukuwa kazi nyepesi tangu dunia iumbwe. Analea watoto wa watu akiwa mtoto wa mtu. Mshahara unatumwa kwa mama, ukitumwa. Anajifunza mji kupitia dirisha la jikoni, na nyimbo zote anazozijua kazisikia akiosha vyombo: ni za wasichana wanaopendwa, wanaonunuliwa magari, wanaogombewa. Wa kwake haujatungwa, ingawa nyumba nyingi za watunzi zina mmoja kama yeye jikoni.

Huyu ndiye mtu anayetafuta maisha kwa maana kamili kuliko rapa yeyote niliyemtaja hapo juu. Na tunamwita dada, hata mwenye umri wa kumzaa anamwita dada, ili tusilazimike kulijua jina lake.

Nilimwambia rafiki yangu kwamba nitamtafutia. Simtafutii.

*

Kwa waliosahau: "Starehe" ya Ferooz, akiwa na Professor Jay, wimbo wa kuonya kuhusu UKIMWI, ilitoka 2004, na huku kwetu haikuwa burudani. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye miaka 15 hadi 49 wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Iringa ilikuwa 9.1 na Mbeya 9.0. Watoto waliobaki na bibi zao kule Makete wakati ule sasa ni watu wazima, wengine wana watoto wao. Walishaimbiwa maonyo ya kutosha. Pole hawakuimbiwa.

*

MC wa sherehe ya kipaimara niliyohudhuria Jumapili alimwita mtoto wa miaka kumi na minne "mheshimiwa" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akamnyang'anya maikrofoni alipotaka kusema neno.

*

Kichwa cha lumbesa ya Uyole niliambiwa kinaitwa "ujazo wa kibiashara". Mwenye nchi asikie.

*

Walimu wakuu, walezi wa kwaya, walimu wa zamu: mahafali ya kidato cha nne yanaelekea ukingoni, sitawasumbua tena kwayo. Lakini ya kidato cha sita yanakuja mapema mwakani. Naomba jambo dogo. Ule wimbo uliopo tangu enzi za mtangulizi wenu ufungieni kabatini, muwape wahitimu karatasi tupu na wiki mbili. Watakosea vina, watapitisha mizani, mmoja atataja upungufu wa maharage bwenini mbele ya mgeni rasmi. Waacheni. Na aliyebaki kijijini akishindwa mtihani ana haki ya kuwemo kwenye ubeti, si kama onyo kwa wenzake. Mkiupata huo wimbo nialikeni, nauli nitajilipia. Mgeni rasmi mwambieni shughuli inaanza saa nne.