Kompyuta zilizostaafishwa: ni sura ipi ya Linux itakayowafaa walio nyumbani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na rasmi hauzikubali prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Kompyuta nyingi zilizo nzima zimestaafishwa kwa tangazo tu.

Katika vitongoji vya Washington kama Springfield, jimboni Virginia, ambako njia ya buluu ya treni za Metro hukomea, suala hilo lina uzito wa kifamilia. Kwa Waafrika Mashariki wengi walio ughaibuni, laptopu iliyozeeka haitupwi. Hutiwa katika begi la msafiri, ikamfae mpwa anayesoma sekondari Moshi au shangazi mwenye duka Kisumu.

Linux, ambayo ni programu huria na isiyolipiwa, inaweza kuirejeshea mashine hiyo uhai na marekebisho ya usalama. Lakini anayehama hukutana na swali ambalo Windows haikupata kumuuliza: achague sura ipi ya skrini, yaani menyu, madirisha na mpangilio wake wote? Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, hakina sura moja. KDE ilianzishwa Ujerumani mwaka 1996, na GNOME ikaanzishwa na vijana wawili wa Mexico mwaka 1997. Xfce na Cinnamon nazo zina wafuasi wao.

Tofauti zake si za urembo pekee. GNOME ni tulivu na nadhifu, ila imeachana na mpangilio wa Windows, na kwenye kumbukumbu ya gigabaiti nne hubanwa. Plasma ya KDE hurekebishika karibu kila kona, jambo linalompendeza fundi na kumchanganya mgeni. Cinnamon huweka menyu mahali ilipozoeleka, chini kushoto. Xfce haina madoido, lakini ni nyepesi kwa mashine kongwe. Linux Mint hutolewa ikiwa na Cinnamon, MATE au Xfce, hivyo mtu aweza kubadili sura pasipo kubadili mfumo.

Kosa lililo jepesi kutendeka ni la mtumaji kuchagua kwa macho yake mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpokeaji hununua intaneti kwa vifurushi, na fundi wa mtaani kwake huenda anaijua Windows tu. Saa moja jioni ya Springfield ni saa nane au saa tisa usiku Afrika Mashariki, kutegemea majira. Hiyo si saa ya kumwelekeza shangazi menyu ilikojificha. Kwake yeye, sura inayofanana na aliyoizoea ina thamani kuliko iliyo ya kisasa.

Hata hivyo, wepesi una mipaka. Kurasa za intaneti hula kumbukumbu nyingi kuliko Xfce inayoweza kuokoa. Kuongeza kumbukumbu, au kuweka diski ya SSD kabla ya safari, mara nyingi husaidia zaidi.

Liko pia suala la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 baadaye, tafsiri ya Kiswahili katika GNOME na KDE ingali na mapengo, na mtumiaji hukutana na Kiingereza katikati ya menyu. Kwa kuwa programu ni huria, hakuna kampuni inayoweza kuwakataza Waswahili kuyaziba.

Sura hizi zaweza kujaribiwa kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote. Kwa hiyo mtumaji anao muda wa kumpigia mpokeaji simu ya video, kumwonyesha sura mbili au tatu, na kumwachia uamuzi kabla begi halijafungwa.